Siku Mkutano Ulipohamia Sokoni

Wananchi wote tuliitwa katika ukumbi wa skuli, alasiri, tusikie baraza letu limefanya nini mwaka mzima. Nilikaa safu ya nyuma na wenzangu wa sokoni. Aliyesoma ripoti alikuwa diwani wetu, mtoto wa baba yangu mdogo, tuliyelelewa naye nyumba moja. Alisoma vizuri, kama kawaida yake, mpaka akafika kwenye soko.

"Choo cha wanawake: kimekamilika na kinatumika."

Wenzangu wakanigeukia. Mimi nauza muhogo na ndizi katika soko hilo, na choo hicho nilikuwa nakiona kila siku: kuta zimepakwa chokaa, mlango mpya, na kufuli ambalo halijafunguliwa tangu mafundi waondoke. Haja ikitubana tulikuwa tunakwenda kwa Bi mmoja mtu mzima anayekaa nyuma ya soko. Hajapata kutukatalia, lakini maji anayateka mwenyewe kisimani, na magoti yanamuuma. Kila nikibisha hodi kwake nilikuwa naona haya.

Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hicho choo kinatumiwa na nani?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Ripoti imeandikwa na wataalamu, dada. Kimekamilika."

"Sibishi kwamba kimejengwa. Nauliza nani kaingia. Mie nauza pale pale, na sijaingia."

Mkurugenzi wa baraza, mwanamke ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ahamishiwe Pemba, akaiangalia karatasi yake, kisha akavua miwani. Nilidhani atasema swali limepokelewa na litafanyiwa kazi, kama tulivyozoea kuambiwa. Badala yake akaniuliza, "Ni mbali?"

"Dakika tano kwa miguu."

"Basi twendeni."

Tukatoka kundi zima, sheha, kiongozi wa mtaa wetu, mbele, watu wanatuuliza njiani kuna msiba wa nani. Ufunguo ukatafutwa mpaka ukapatikana kwa mlinzi wa ghala. Ndani, masinki yalikuwa bado yamefungwa nailoni. Mkurugenzi akafungua bomba. Halikutoa hata tone. Tukazunguka nyuma na kukuta mpira wa maji umeishia hatua chache kabla ya ukuta, umezibwa kwa kitambaa.

"Mie niliandikiwa, nikasoma," diwani akasema kwa sauti ndogo.

Mkurugenzi akaiweka ripoti ukutani, akaufuta ule mstari, akaandika mwengine na kutusomea: "Kimejengwa. Hakina maji. Hakijatumika."

Sikuwahi kusikia baraza likisema kweli kwa maneno machache namna ile.

Magharibi haijaingia, dada yangu mkubwa aliyeolewa mtaa wa Jadida akanipigia simu. "Ndiyo nini kumuaibisha ndugu yako mbele za watu?"

"Niliuliza choo, dada. Sikumuuliza yeye."

"Kwa watu ni kitu kimoja."

Maneno yale yaliniuma. Siku tatu sikuwa na raha, nikipanga muhogo nautazama tu. Siku ya nne diwani akaja nyumbani, akapiga hodi, akakaa. Chai aliipuliza, akanywa funda moja.

"Nilikasirika, sikufichi. Lakini kila Ijumaa napita soko lile. Nimejiuliza kwa nini sikusimama hata mara moja kuutazama ule mlango." Akaweka kikombe chini. "Niambie na jengine ambalo sijaliona."

Nikamwambia upande wa samaki hakuna mtaro wa kutolea maji machafu. Akatoa kalamu.

Baada ya wiki chache mafundi wa maji walikuja. Choo kilipofunguliwa tulimchukua yule Bi akakione. Akafungua bomba, akanawa, akacheka. "Haya, sasa mtakuja kwangu kunitazama mie, si choo changu."

Mkutano uliofuata, ripoti ilibandikwa mapema kwenye ukuta wa ofisi ya sheha, nasi tukaisoma kabla ya kwenda ukumbini. Diwani alisimama akaeleza kwamba kila mahali palipoandikwa amekwenda kwa miguu yake. Alipofika kwenye mtaro hakungoja kuulizwa.

"Mtaro wa samaki: ujenzi haujaanza."

Muuza samaki mmoja akainuka. "Haujaanza kwa nini?"

Diwani akavuta kiti mbele, karibu na watu, akaanza kumjibu.