Kisu Kinakaa, Penseli Ndiyo Inatembea

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha hata neno moja. Nilichonga penseli tangu asubuhi hadi kengele ya chakula cha mchana, na nyingi kati yazo niliziharibu.

Shule ilikuwa ya wasichana, huko Matinyani, si mbali na Kitui mjini. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha ualimu wa sanaa, viatu vinang'aa, nikidhani nitapelekwa moja kwa moja darasani. Mkuu wa Idara ya Sanaa, mzee mmoja mrefu mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya kila rangi, aliniwekea sanduku la penseli za rangi mezani akasema, "Chonga."

Nikatoa shapna mkobani. Nikazungusha. Ncha ikatoka nzuri kabisa, kisha ikakatikia ndani. Nikazungusha tena, ikakatika tena. Yule mzee alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama.

"Unaona unachofanya?" akauliza. "Unainyonga shingo. Penseli ya kawaida itavumilia, kiini chake ni kigumu. Hii ya rangi ndani ni nta. Hicho kidude chako kirudishe mkobani."

Akachukua kisu kifupi. Akakiweka juu ya penseli, makali yakitazama mbele, mbali na mwili wake, na mkono ulioshika kisu hakuusogeza hata kidogo. Mkono wa kushoto ndio ulioivuta penseli kurudi nyuma, taratibu, kuelekea tumboni. Unyuzi mwembamba wa mti ukajikunja ukaanguka.

"Kisu kinakaa," akasema. "Penseli ndiyo inatembea. Siku utakayoyashika hayo ndiyo siku nitakupa darasa."

Nilikasirika, sitadanganya. Mwalimu mzima, ninafundishwa kuchonga! Lakini wiki ilipoisha nilikuwa nimeshika, na akanipa darasa.

Ninyi vijana mnaochora siku hizi mnaniuliza kwa nini kelele yote hii kwa ajili ya ncha. Basi sikilizeni. Penseli ya rangi inataka ncha ndefu, kiini kikiwa nje kama urefu wa ukucha, ili iweze kulala ubavu na kupaka eneo kubwa, kisha isimame na kuchora unywele mmoja. Shapna haikupi hiyo. Penseli ya pasteli, ile ambayo ndani ni kama chaki, ni mbaya zaidi, maana ukiizungusha inamumunyuka. Hiyo unaondoa mti kwa wembe, kisha kiini unakisugua juu ya msasa ukikigeuzageuza. Pasteli isiyo na mti haichongwi ncha kabisa. Unailaza kwenye msasa upande mmoja mpaka ipate ukingo, na huo ukingo ndio unaochora. Vumbi lake usilipulize, utalivuta kifuani. Likusanye kwenye chupa, utalipakia mawingu kwa pamba.

Pasteli za mafuta nazo zina kisirani chao. Joto la Kitui ukilijua, utaelewa. Ikifika saa nane zilikuwa zimelainika kama siagi, wembe unazama tu. Kwa hiyo tulizifunga kwenye karatasi ya nailoni, tukaziweka ubavuni mwa mtungi wa maji usiku kucha, na kuzichonga asubuhi kabla jua halijakolea.

Wembe nilinunua kwa Mama Halima, ambaye yeye na mumewe walitoka Garissa wakafungua duka karibu na stendi ya Kitui. Aliniona nikichagua pakiti ya bei rahisi akacheka. "Mwalimu, hizo ni za kunyoa ndevu. Wewe unanyoa miti. Chukua hizi ngumu." Tangu siku hiyo aliniwekea ngumu chini ya kaunta.

Jambo moja lilikuwa la Matinyani peke yake, na nililibeba kila nilikohamishwa. Penseli ya rangi ikianguka sakafuni, nje huoni kitu, lakini ndani kiini kimevunjika vipande. Ukiichonga, kipande kinatoka. Ukiichonga tena, kingine. Unaweza kuimaliza yote bila kuchora mstari. Basi ilikuwa sheria: msichana akiangusha penseli, anasema kwa sauti, "Nimeangusha!" Hakuna kugombezwa. Penseli inaingia kwenye mkebe tuliouita wodi, na mkebe unaanikwa juu ya bati la choo cha walimu. Jua la Ukambani linalainisha nta, vipande vinashikana, na jioni unaitoa, mgonjwa amepona.

Nilipopelekwa Kilungu, huko milimani, wodi ilinitia aibu. Mwezi wa saba Kilungu ni ukungu, jua unalisikia tu kwa majirani. Msichana wa kidato cha nne, Kanini, mwenye haraka kuliko miguu yake, aliona mkebe umekaa siku mbili bila jua, akaupeleka jikoni na kuuweka juu ya jiko la makaa. Woi! Nta ilitoka kwenye penseli ikachuruzika, nyekundu na kijani pamoja, na mkebe ukabaki na vijiti vya mti vyenye matundu. Kanini alilia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha tukajifunza kuufunga mkebe kwa leso pamoja na chupa ya chai ya moto, na wagonjwa wakaanza kupona tena.

Ni Kanini huyo huyo aliyejikata. Ilikuwa wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo, na kidato cha nne walikuwa wanajiandaa kwa mchoro wa pasteli. Alikisogeza kisu badala ya penseli, kikamparuza kidole gumba. Damu kidogo. Nikainuka kwenda kumsaidia, nikamkuta ameshapasua kitambaa, amefunga, ananitazama.

"Madam, nimefunga. Nichonge nyingine?"

"Chonga," nikamwambia.

Habari zilimfikia mzazi, zikamfikia Mwalimu Mkuu, na kesho yake kwenye mkutano wa walimu akatangaza, "Kuanzia leo, visu na nyembe marufuku kwenye chumba cha sanaa. Nimeagiza mashine." Na kweli ilikuja, ya chuma, yenye mkono wa kuzungusha, ikapigiliwa ukutani. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule nzima kichwani mwake. Lakini ile mashine ilizitafuna penseli za pasteli kama mbuzi anavyotafuna mabua ya mahindi. Wasichana walikuwa wanaingia kwenye mtihani na vibutu.

Nikaenda ofisini kwake.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "wasichana hawa wakiwa zamu ya jikoni wanakata sukuma wiki kwa visu virefu kuliko mkono wangu. Nyumbani wanashika panga. Mbona kwangu ndipo wanageuka watoto wachanga?"

"Jikoni ni jikoni, Madam. Kule visu ni kazi. Darasani sitaki kuviona."

"Hata kisu kimoja?"

"Hata kimoja. Nimemaliza."

Nilitoka pale masikio yanawaka moto. Nilijiambia, haya mama, unafunga mdomo ama unafanya nini? Maana kilichoondolewa hakikuwa kisu tu. Msichana ambaye hawezi kuitengeneza ncha yake mwenyewe atachora kwa ncha anayopewa na mtu mwingine, maisha yake yote. Hilo sikukubali. Hata leo silikubali.

Nikashuka jikoni. Mpishi mkuu, Mama Nduku, alikuwa anakoroga sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye aproni, akasogeza gunia la maharagwe, akanionyesha meza ndefu ya kukatia mboga.

"Hapa visu vinaruhusiwa," akasema. "Lakini mkimwaga hayo mavumbi yenu kwenye maharagwe yangu, nitawachonga ninyi."

Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, kidato cha nne walikuja jikoni na penseli zao. Kisu kinakaa, penseli ndiyo inatembea. Chumba cha sanaa hakikuwa na kisu hata kimoja, sawasawa na alivyoamuru. Waliingia kwenye mtihani wakiwa na ncha ndefu, na Kanini zake zilikuwa ndefu kuliko zangu.

Mwalimu Mkuu alikuwa ametukuta jikoni siku ya mwisho kabla ya mtihani. Alisimama mlangoni, akatazama meza, akanitazama mimi.

"Umenidharau," akasema.

"Nimewafundisha," nikajibu. "Kama hayo ni dharau, niandikie hivyo."

Muhula uliofuata nilikuwa nimehamishiwa Kikima, upande wa Mbooni. Wenzangu waliniambia ningeomba msamaha nibaki. Niombe msamaha kwa nini? Nilifunga sanduku, nikatia kisu changu na wodi yangu, nikaenda. Kikima nilifundisha mpaka nikastaafu, na mkuu wa huko, mama mmoja mcheshi, aliniuliza siku ya kwanza, "Ndiwe yule wa jikoni?" Nikamwambia ndimi. Akanipa ufunguo wa chumba na hakuniuliza tena.

Siku ya kuniaga, kwenye hema, baada ya kwaya ya kanisa na pilau, walinipa zawadi: shapna ya umeme. Watu walicheka, nami nikacheka. Iko kwenye kabati, bado imo ndani ya karatasi yake.

Sasa mikono imeanza kutetemeka. Daktari ameipa jina, mimi sikulishika. Wachoraji vijana wa hapa sokoni Kikima na hata wa mji wa Wote bado wananiletea penseli zao, na ilifika wakati ncha zikawa zinatoka zimepinda. Binti yangu Mwende, ninayeishi naye, alivikusanya visu vyangu vyote akavificha.

"Mwaitu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, yaani mama yangu kwa Kikamba, "imetosha. Pumzika."

Sikubishana. Nilijifunga leso nikaenda kwa fundi seremala wa Kikima, nikamwagiza anifungie jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, kwenye meza yangu ya barazani. Kisu kimoja nilikuwa nimekiacha kanisani kwenye kabati la kwaya, hicho Mwende hakukijua. Kikabanwa humo, makali yakitazama mbele. Mkono wangu utetemeke upendavyo, kisu hakitetemeki. Naweka kiwiko juu ya meza, naivuta penseli, na unyuzi unajikunja unaanguka kama zamani. Kazi ni ya polepole. Ncha zimenyooka.

Mwende alirudi kutoka shambani akanikuta. Akashika kiuno.

"Utajikata, mwaitu!"

"Nikijikata nitafunga kitambaa," nikamwambia. "Halafu nitachonga nyingine."