Dawa Iliyoingia Tukiongea

Mimi na mdogo wangu tuliugua ugonjwa mmoja tungali watoto huko Kivu ya Kusini: kisukari, mwili usiotengeneza insulini. Tulikimbilia pamoja kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kisha yeye akapelekwa ng'ambo pamoja na mume wake. Mimi nikabaki Juru, humo humo kambini, nalima maharage na kujidunga sindano kabla ya kula.

Mwaka jana alikuja kututembelea, akafikia mjini Mbarara, mtaa wa Nyamityobora. Nilimfuata huko. Tukaletewa matoke na nyama. Nikageukia ukuta, nikajidunga pajani. Niliporudisha macho, yeye alikuwa ameshaanza kula.

"Na wewe sindano yako?" nikamuuliza.

"Siku hizi sijidungi, Yaya," akajibu; ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

Kule kwetu nilimzika jirani aliyeambiwa kanisani kwamba amepona, akaacha dawa. Nikamshika mdogo wangu mkono, nikamvuta tuende hospitali.

"Sikuacha dawa," akasema taratibu. "Iko inaingia sasa hivi, tukiwa tunaongea."

Akainua blauzi. Kiunoni alikuwa na kimashine kidogo, na mrija mwembamba ulioishia kwenye plasta tumboni. Nyuma ya mkono alikuwa na plasta nyingine, yenye kipimo cha sukari.

"Nani anaiambia iingize kiasi gani?" nikamuuliza.

"Naiambia tu kama niko nakula. Ingine yote inafanya yenyewe. Inapima, inaongeza, inapunguza."

Sikumwamini. Baada ya chakula tukapanda kilima kwenda sokoni, jua kali, yeye akicheka na kusimulia habari za wanawe. Simu yake, iliyounganishwa na kile kipimo cha sukari, ikalia. Akaitazama, akatoa biskuti mkobani.

"Sukari iko inashuka. Mashini imeshafunga dawa."

"Unatetemeka? Macho yanaona giza?"

"Hapana. Bado sijasikia kitu."

Nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu. Mimi sukari inaposhuka huijua nikiwa tayari nimeanguka. Mara moja nilizinduka shambani, mdomo umejaa udongo, majirani wananiombea wakidhani ni pepo. Na huyu anatafuna biskuti huku anatembea.

"Niachie hiyo mashini," nikamwambia. Nilisikia sauti yangu ilivyokuwa kali.

Alikaa kando yangu. "Kama ingekuwa ya kuacha, ningekuachia. Plasta na mirija vinabadilishwa kila siku chache. Vikiisha, utabaki na plastiki tu. Huku hatujui fasi ya kuvipata."

Hatukufika sokoni.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mashini inajua mutu anataka kuanguka, mbele yeye mwenyewe ajue?"

"Niliiona."

Akaniambia nimweleze tena, kuanzia pale simu ilipolia.