Mama Vifungo na Rozari za Nguo Kuukuu

Alizaliwa mwaka 1921, binti wa pili wa fundi cherehani, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya baba yake. Alifiwa na mume mapema, wala hakujaliwa mtoto. Alifua nguo za hospitali miaka ishirini, na alipostaafu ndipo wito wake ulipomjia. Alinunua nguo kuukuu zisizovalika tena, akakata vifungo, akavichemsha kwa magadi na kuvitunga kwa waya wa shaba aliouchuna kwenye nyaya mbovu za umeme. Misalaba aliifua kutokana na mipini ya vijiko vilivyovunjika. Rozari hizo aliwagawia bure wasio na uwezo, nao wakamwita Mama Vifungo.

Lakini wengi walimtilia shaka. Dobi wa hospitali, walinong'ona, anaijua njia ya mochwari. Wapo waliopokea rozari zake kwa mikono miwili, kisha wakazisukumia uvunguni. Mwaka 1968 mwenyekiti wa kwaya aliona katika rozari ya jirani yake vifungo vya kijani vyenye umbo la ua, akapiga yowe kanisani. Vilikuwa vya gauni la marehemu mama yake, ambalo mume wa huyo mwenyekiti alikabidhiwa alipeleke mochwari ili marehemu azikwe nalo. Jeneza lililetwa limeshapigiliwa misumari, na hakuna aliyechungulia ndani.

Baba Paroko alimwita Mama Vifungo ofisini mbele ya wazee wa kanisa. Mimi ninayeandika haya nilikuwa katibu, na niliingia nikiwa nimeshamhukumu moyoni.

"Vifungo hivi umevitoa wapi?" aliuliza Paroko.

"Nilinunua gauni, Baba."

"Kwa nani?"

"Simtaji. Ana watoto."

"Umemvua mama yangu!" alifoka mwenyekiti.

"Sikumvua mtu, dada yangu."

Alizuiwa kupokea Komunyo, na rozari zake nyingi zikatupwa chooni. Kwa miaka minane, wakati wa kupeana amani, hakuna aliyeugusa mkono wake. Mimi nilimnyatia hadi sokoni kama mpelelezi, nisione ila mwanamke akichagua mashati yaliyochanika.

Mwaka 1976 aliugua nimonia. Tulikwenda kumwona, na sitaficha, tulitaka kusikia kama ataungama. Aliyeungama ni mume wa mwenyekiti. Alipiga magoti kando ya kitanda na kusema, "Mama, nimechoka. Gauni nilikuuzia mimi, nikalinywea pombe."

Mama Vifungo alimwekea mkono kichwani. "Ungevumilia kidogo tu, mwanangu, ningekwenda na jina lako kaburini."

Alikata roho adhuhuri ile ile. Mwenyekiti akamwambia mumewe, "Kachote maji. Tumwoshe."

Yasemwa kwamba mgonjwa aliyeshika rozari yake alinyooka vidole vilivyokuwa vimekakamaa. Kanisa halijatamka neno, nami sishuhudii nisichokiona. Nilichoshuhudia ni mwanamke aliyeweza kujisafisha kwa kutaja jina moja, akalimeza miaka minane ili nyumba ya aliyemshtaki isivunjike. Ndugu waamini, anayetaka kumwiga aanzie hapo.