Matundu Mawili Yaliyokosekana

Baruti ikishaungua huacha harufu inayokaa puani kama ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, na nyuma yake kuna harufu ya shaba iliyopata moto na mafuta ya kulainishia vyuma. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka niliotimiza miaka kumi na mitatu. Wenzangu tuliokua nao Minto, Australia, wakianza kukumbuka utoto hutaja bwawa la kuogelea na chipsi za siki. Mimi nakumbuka gereji ya jirani yetu, Mzee Colin, na chupa zake za baruti zilizofungiwa kwenye kabati la chuma. Sikuwa mtoto wa kutulia hata kidogo. Miguu iliniwasha mchana kutwa, kanisani nilitikisa benchi mpaka mama akanifinya paja, na shuleni nilihamishwa viti hadi vikaisha. Baba alisema nimezaliwa safarini, basi nadhani safari bado inaendelea. Lakini mbele ya ile mashine ya mkono ya Mzee Colin, iliyobana kichwa cha risasi kwenye ganda lake kwa sauti ndogo ya kujiridhisha, nilikaa tuli. Mama alipoambiwa hakuamini.

Mambo yalianza kwa maharage. Ndugu yake Mzee Colin alikuwa na shamba nje ya Campbelltown, naye akatupa kipande sisi Wakongomani wa kanisa letu tulime. Tulipanda maharage, mchicha tunaouita lengalenga, na mahindi, na wazee wakawa wanakwenda kuyatazama kila Jumamosi kana kwamba yangetoroka. Yakachipua vizuri, kisha sungura wakayala yote hadi ardhini. Sungura wa Australia hana aibu: anakula huku anakutazama. Mzee Colin akasema dawa yao anayo. Ilikuwa bunduki yake ya mtutu mwembamba, na risasi alizojitengenezea mwenyewe. Alitaka vichwa vyepesi kabisa, vyenye ngozi nyembamba ya shaba, kwa sababu risasi nzito ikikosa sungura huruka juu ya ardhi na kwenda kutafuta ng'ombe wa jirani, ila nyepesi hupasuka pale pale inapogusa udongo. Lakini risasi mpya haipelekwi shambani kabla ya kujaribiwa kwenye karatasi. Unapiga tano, unatazama matundu yamekaribiana kiasi gani, unabadilisha kidogo, unapiga tano nyingine. Kazi hiyo hufanyika kwenye uwanja wa shabaha wenye tuta refu la udongo mwishoni, na inataka uvumilivu ambao mimi, kusema kweli, sikujua nimeutoa wapi.

Mikono ya Mzee Colin ilikuwa inatetemeka kwa uzee, hakuweza tena kulenga. Baba alikuwa na leseni, aliipata baada ya darasa na karatasi nyingi, lakini kila mlio ukilia bega lake liliruka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba aliumwa na zaidi ya nyoka mmoja kabla ya kukimbia vita Uvira, kule Kongo. Alijaribu mara tatu, matundu yakatawanyika karatasi nzima, akaiweka bunduki chini na kufuta jasho. Nikapata kibali cha vijana, nikalala nyuma ya mfuko wa mchanga, baba kando yangu. Mimi sikushtuka. Vita yetu niliijua kwa kuhadithiwa tu.

Mama alikubali kwa sharti moja. Alikuwa fundi wa kushona, akipunguza mapazia ya watu sebuleni kwetu, na kila kitu alikihesabu. Zikitoka risasi ishirini, yarudi maganda ishirini na karatasi zenye matundu ishirini, yote mezani kwake. "Kwetu risasi moja ikipotea, mtu mmoja anatafutwa," alisema. Maganda aliyatia kwenye kopo la maziwa ya unga, karatasi akazikunja chini ya sanduku la uzi. Wiki nne hesabu ilikaa sawa. Nilikuwa najivuna, msinione hivi. Matundu yangu matano ungeyafunika kwa kifuniko cha soda.

Wiki ya tano Mzee Colin alileta bunduki ile ile ikiwa na mtutu mpya, akatukabidhi risasi na kwenda kunywa chai na wenzake. Nikapiga ya kwanza. Ya pili ilipotoka niliona kitu: katikati ya njia, hewani, kijimoshi cha kijivu, kikapotea. Ya nne vivyo hivyo. Tulipoifuata, karatasi ilikuwa na matundu matatu badala ya matano.

"Hizi mbili ziko wapi?" baba aliuliza.

"Zimegeuka moshi, baba."

 Baba akalitazama tuta, na nyuma ya tuta ile barabara yenye malori, nikaona uso wake unabadilika. "Ulifunga macho," alisema. "Zimepita juu."

"Sikufunga. Nimeona moshi, naapa."

"Njia ya mwongo ni fupi, Riziki."

Siku zote aliniita mama, maana nimeitwa kwa jina la mama yake. Aliponiita Riziki nilijua nimefukuzwa mahali fulani. Na hofu yake niliielewa hata kwa umri ule: risasi imevuka tuta, imemfikia mtu, polisi watagonga, leseni itakwenda, shamba litakwenda, na sisi pia tutarudishwa tulikotoka. Alisikiliza taarifa ya habari jioni tatu mfululizo bila kuvua viatu. Hakuna aliyeumia, lakini hilo halikumtuliza, na mimi nilibaki mwongo.

Hapa ndipo tulipokosea kikwetu kabisa. Familia yoyote nyingine ingevuka uzio na kumwuliza Mzee Colin: jamani, risasi inaweza kugeuka moshi? Lakini aibu ya nyumba haitoki nje. Baba angempelekeaje mzungu uongo wa binti yake? Akamwambia eti nina mitihani. Mzee Colin akanitumia kalamu mbili za bahati njema kupitia dirisha, nikazitupa chini ya kitanda kwa hasira. Wiki tatu sikugusa bunduki, sikuingia gereji, na baba hakusema nami ila kuniagiza kitu. Nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Usiniulize kama nililia. Nililia, tena bafuni, bomba likiwa wazi ili wasisikie. Kukosa shabaha ningevumilia. Kilichoniuma ni kwamba niliona kwa macho yangu, na mtu niliyempenda kuliko wote akasema sikuona.

Maharage yaliyopandwa upya yalikuwa yamefika kifundoni, na sungura walikuwa wanayasubiri. Mama alikuwa anatafuta uzi wa kijani alipoitoa ile karatasi ya matundu matatu. Fundi hawezi kushika kitu bila kukiinulia dirishani. Ni tabia, hata noti huzitazama vile. Akaiinua. Akaniita, akaweka kidole pembeni ya karatasi, mahali palipokuwa na vumbi la kijivu lililonyunyizika kama pilipili manga. Alilisugua, halikutoka. Akaisogeza puani.

"Hii ni risasi," alisema. "Ilifika, lakini ilifika ikiwa unga."

Hakumsubiri baba arudi kutoka kazini kwake ghalani. Alijifunga kitenge juu ya sketi, akavuka uzio na karatasi mkononi, mimi nyuma yake nikitafsiri, maana Kiingereza chake kilikuwa cha mapazia tu. Mzee Colin alivaa miwani. Akauliza kama niliona moshi. Nilipoitikia, alikaa kwenye ndoo yake na kuvua kofia. Alisema kosa ni lake. Mtutu mpya una mifereji ya ndani iliyojipinda zaidi kuliko ule wa zamani, unaizungusha risasi kwa kasi kubwa mno, na vile vichwa vyepesi vya ngozi nyembamba havikuweza kuvumilia. Vilichanika hewani. Nyingine zilifika, nyingine hazikufika, na mpigaji hana hatia. Akasema laiti angeambiwa siku ile ile. Hilo la mwisho nilimtafsiria mama polepole, akainamisha macho.

Jumamosi iliyofuata tulirudi uwanjani sote, mama pia, akiwa ameziba masikio kwa pamba na viganja juu yake. Mzee Colin akasimamisha kadibodi kubwa nyeupe katikati ya njia. Nikapiga tano. Kadibodi ikawa na matundu manne safi, na mahali pa la tano doa la kijivu lenye michaniko midogo. Baba alipitisha kidole juu ya doa lile mara nyingi. Mzee Colin alichukua vichwa vizito kidogo, na wiki moja baadaye matundu matano yakakaa pamoja.

Sasa, kwetu baba hamwombi mtoto radhi. Sijawahi kusikia, na ningesikia ningeogopa. Na kabla ya kula, mtoto wa kike ndiye hushika birika na beseni, humiminia wakubwa maji ya kunawa, kisha hunawa mwenyewe wa mwisho. Nilifanya hivyo tangu nijue kusimama. Jumapili iliyofuata, ugali na sombe ya majani ya muhogo mezani, nilinyanyuka kufuata birika nikalikuta mikononi mwa baba. "Kaa," alisema. Akanipitishia beseni chini ya mikono na kumimina maji, taratibu, ya vuguvugu. Alimimina hadi birika likaisha. "Nawa vizuri, mama," alisema. Mama mzazi alijifanya anatafuta chumvi.

Siku hizi ninaishi Penrith, mimi ni muuguzi, na treni inakula saa zangu kuliko sungura walivyokula maharage. Baba ni mzee, gereji ya Mzee Colin imepangishwa kwa wengine, na binti yangu Aline anaelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza. Bado situlii. Mwezi uliopita mwalimu wake alinipigia simu kwamba Aline hakuwasilisha kazi ya sayansi. Aline akasema aliiwasilisha, aliiona inaondoka kwenye skrini. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inauma, nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Maneno yalinitoka yakiwa na sauti ya baba, nikaona uso wa mtoto unajifunga. Alikwenda bafuni. Nikasikia bomba likifunguliwa.

Siku ya nne mwalimu alipiga tena: kazi ilikuwepo, mfumo wao wa kompyuta ulikuwa umeiweka kwenye darasa lingine. Nilikaa jikoni na simu mkononi. Nyumba yetu haina birika wala beseni, watu hunawa kwenye sinki na kufuta kwa karatasi. Niliteremsha jagi la kupimia maziwa, nikatia maji ya vuguvugu, nikachukua bakuli la saladi, nikamwita mezani. Aliuliza kwa Kiingereza ninafanya nini. Nikamwambia alete mikono.