Msimamizi wa Chebet

Iko siku moja inayonijia kila nikisikia vijana wakiuliza namna ya kuishi imani yao. Ilikuwa Jumanne, siku isiyo na Misa wala sala za jumuiya, nami nilikuwa shambani kwangu huku Rongai, nimeshika jembe na hasira pamoja. Keti nikusimulie, mwanangu. Mimi sina haraka, na hiyo simu iweke chini kidogo, haitakimbia.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako, nimeolewa juzijuzi, nina mtoto mmoja mchanga, Njoki. Kigango chetu, tawi dogo la parokia, kilikuwa nyumba ya mabati yenye sakafu ya udongo, na padri alitufikia mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili nyingine tuliongozwa na katekista wetu, Mzee Augustino, mtu mwembamba wa baiskeli ambaye alifundisha Kipaimara watoto wa eneo zima. Usidhani nilikuwa Mkristo wa kulegalega. Rozari sikuikosa, Ijumaa nilifunga, na maua ya altareni niliyapanga mimi. Nilijiona niko sawa kabisa na Mungu, na nadhani hata yeye alichoka kunisikia nikimweleza hivyo.

Jirani yangu wa fensi aliitwa Mama Chebet. Tulipatana sana. Alinifundisha kutengeneza mursik, yale maziwa ya kwenye kibuyu, nami nikamfundisha kufuma sweta. Binti yake Chebet alipofikia umri wa Kipaimara alikuja nyumbani peke yake, akasimama mlangoni akivutavuta vidole, akaniomba niwe msimamizi wake. Msimamizi unamjua: ndiye anayekuwekea mkono begani mbele ya askofu, kanisa zima lione kwamba mtoto huyu hakuja peke yake. Nilifurahi hata nikamkumbatia na unga mikononi.

Kisha ng'ombe wa Mama Chebet akavunja fensi.

Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta kona nzima imelala chini, na ng'ombe amesimama katikati anatafuna polepole kama mgeni wa heshima. Nikapiga kelele. Mama Chebet akatoka, na badala ya kusema pole akaniambia, "Si ni ng'ombe tu, Mama Njoki? Sasa ng'ombe itajuaje mpaka? Hata hiyo fensi yako imeoza." Mwanangu, heri angenyamaza. Nilimjibu maneno ambayo kwa umri huu siwezi kuyarudia, naye hakubaki nyuma. Na nikwambie ukweli, mpaka leo nasema ng'ombe yule alikosa na mwenyewe alikosa zaidi. Sikukuita hapa ili nitubu hasira yangu. Ilikuwa haki yangu.

Lakini angalia nilivyoitumia. Jumapili iliyofuata nilihama benchi. Siku zote tulikaa pamoja upande wa akina mama, na nilijua ikifika pale pa kutakiana amani itabidi nimpe mkono. Basi nikaenda kukaa nyuma karibu na mlango, nikawapa mkono wazee wote wa huko kwa tabasamu kubwa. Jumapili nyingine vivyo hivyo. Zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwa Mama Chebet, nikasema kichwa kinaniuma. Mwishowe nikamtuma mama mmoja wa kwaya amwambie amtafutie binti yake msimamizi mwingine.

Askofu alikuwa anakuja karibuni. Kufika kwake kwenye kigango kama chetu halikuwa jambo la kila mwaka, na mtoto aliyekosa nafasi angengoja sana. Mzee Augustino alitafuta mama mwingine, tena mama mzuri, lakini Chebet akamkataa. Alisema aliyemwomba ni mimi, na kama mimi sitaki, yeye atakaa nyumbani wenzake wakipakwa mafuta ya Krisma. Gauni lake jeupe lilikuwa tayari limeshonwa. Alilikunja akalitia sandukuni.

Hayo yote nilikuwa nayajua Jumanne ile nikilima, na nilijiambia hayanihusu. Ndipo nikaona baiskeli ya Mzee Augustino imeegemezwa kichakani, na mwenyewe anakuja katikati ya mistari ya mahindi, amebeba seng'enge begani na nyundo mkononi.

"Nimekuja kutengeneza fensi," akasema.

"Mzee, hiyo fensi baba Njoki ataitengeneza."

"Ataitengeneza lini?" Akashika nguzo moja, akaitikisa, ikamfuata mkononi. "Imeoza kweli. Hapo Mama Chebet hakudanganya."

Nilichukia. Nikaanza kumweleza habari za mahindi yangu, matusi niliyotukanwa, na jinsi mimi ninavyofunga na kusali wala sina neno na mtu. Aliniacha nimalize. Alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka unajisikia mwenyewe unavyosema upuzi.

"Mama Njoki," akasema, "hiyo ng'ombe ilikula mahindi yako siku moja. Wewe umeyala tangu siku hiyo. Asubuhi unayala, jioni unayala, hata kanisani unakuja nayo. Bado hujashiba?"

Nikapiga jembe chini, naye akaendelea.

"Kusali, sali. Ni kitu ya maana sana. Lakini mtoto amekuomba mkono, mkono tu, na wewe unaniambia vile unafunga nyama."

Hakupandisha sauti hata kidogo, na ndiyo maana iliniuma. Ningeweza kushindana na mtu wa kufoka. Kwa huyu nilibaki nikitazama jembe langu, na aibu imenijaa mpaka shingoni.

Kisha akaniambia nishike waya. Wewe umekulia Nakuru mjini nyuma ya ukuta wa mawe, kwa hiyo labda hujui: seng'enge ni kazi ya watu watatu. Mmoja anavuta, mmoja anaweka sawa, mmoja anagonga misumari. Tulikuwa wawili. Mzee hakuniuliza chochote. Aliinua kichwa akaita, "Mama Chebet! Kuja utushikie hapa!"

Alikuja polepole, anapangusa mikono kwenye leso. Hatukusalimiana. Tulivuta ule waya, tukakwaruzwa, tukahamia nguzo nyingine, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Huku Mzee anagonga misumari na kuimba wimbo wa matoleo, tena vibaya. Tulipokuwa tumekaribia mwisho ndipo Mama Chebet akasema, macho yake kwenye waya, "Ile siku nilitaka kukuambia pole. Nikaona vile umekasirika, mdomo ikatoa ingine."

"Na mimi nilikutukania mama yako," nikasema.

"Ulimtukana kabisa. Bahati yako alishakufa, hakusikia."

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka waya ukatuponyoka, na Mzee akajigonga kidole akaacha kuimba. Kisha nikalia, mwanangu, kwa sababu sikujua pengo la mwanamke yule lilikuwa kubwa kiasi kile. Muda wote huo nilikuwa namwona kila siku ng'ambo ya fensi, na nilikuwa mpweke.

Nikamuuliza Chebet yuko wapi. Yuko ndani, akasema, hataki kutoka. Nikaingia na matope yangu miguuni, nikamkuta amekaa kitandani akijifanya anasoma. Nikamwambia, "Toa hiyo gauni kwa sanduku tuipige pasi. Itakuwa imejikunja." Alinitazama kwanza, kama mtu anayepima kama nitageuka tena. Kisha akaja akaegemeza paji la uso wake begani kwangu, akakaa hivyo.

Askofu alikuja na vumbi lake na wageni wake. Nilikaa kwenye benchi letu la zamani, na jina la Chebet lilipoitwa tukaenda mbele pamoja. Alikuwa anatetemeka. Nikaweka mkono wangu wa kulia begani kwake, na askofu alipompaka Krisma nikalisikia lile bega likitulia chini ya kiganja changu. Nimepokea Komunyo miaka mingi tangu hapo, nimehiji, nimesimamia watoto wengine, lakini sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na hakika hivyo kwamba Mungu yuko hapa hapa Rongai, kati yetu, na kwamba kwa dakika ile alikuwa ameazima mkono wangu. Ningeukosa wakati huo kwa sababu ya kona ya mahindi. Bado nikiwaza hivyo nashika kifua.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Unaponiuliza utaishije imani yako huko kazini na nyumbani, usianze kwa kuongeza sala, ingawa sala ni njema na sikukatazi. Anza kwa kuuliza: nani anangoja mkono wangu sasa hivi? Huenda ni ndugu yako uliyemfungia kwenye simu kwa ajili ya shamba la baba. Huenda ni yule mfanyakazi mwenzako mnayepishana kwenye ngazi kama watu wasiojuana. Pengine haki ni yako, sibishi. Shikilia haki yako, lakini usiruhusu mtoto wa mtu aumie kwa ajili yake. Na kama maneno yanakushinda, usiyangoje. Tafuta kazi ya kufanya pamoja naye, hata kubeba meza, na maneno yatakuja nyuma. Wako watakaokufungia mlango pia, nisikudanganye. Hao waache kwa amani, rudi nyumbani, kesho pita tena uwasalimie.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe majirani wa kukusumbua kidogo na moyo wa kuwasamehe kabla chai haijapoa. Popote mtu atakapokuwa anaogopa kusimama peke yake, akufikishe hapo mapema, nawe usimame naye. Amina.