Mwalimu Aliyefunga Mlango

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu Rehema, ambayo nimekaa nayo kifuani miaka mingi bila kukusimulia. Leo nakusimulia kwa sababu ujumbe wako wa jana umenitia hasira. Umeniandikia kwamba umewapatia wajukuu zangu darasa la karate hapo Singida mjini, kwamba mwalimu ana mkanda mweusi na anavunja vigae kwa kiwiko, na video umenitumia. Yote hayo niliyasoma nikitabasamu. Mwishoni ukaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba mwalimu hapendi wazazi wakae ndani wakati wa mazoezi. Hapo niliweka simu chini. Chai yangu ilipoa mpaka mama yako akaniuliza kuna msiba gani.

Watu husema mzee akikasirika anyamaze kwanza. Nimenyamaza tangu jana, inatosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa mashine ya kukamua alizeti. Baba yetu alikuwa amefariki, nikamleta mdogo wangu Asha, shangazi yako huyu unayemjua, kutoka Mtinko aje asome mjini akikaa kwangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mcheshi, mtu wa kuimba akiosha vyombo. Njia yake ya shule ilikuwa na vijana wakubwa waliozoea kuwashika wasichana mikono. Siku moja alirudi kola ya sare imechanika. Nikasema basi, mtoto huyu lazima ajue kujitetea. Nia yangu ilikuwa njema, lakini nia njema haikuzuii kufanya upumbavu.

Walimu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Yona, mtu mfupi anayechechemea, aliyefundisha judo nyuma ya shule moja ya msingi. Alitandika magunia aliyoyashona mwenyewe na kuyajaza nyasi. Nilikwenda kumtazama mara moja, nikakuta watoto wanafundishwa kuanguka. Wanaanguka, wanainuka, wanaanguka tena. Nikamuuliza lini wataanza kupiga. Akanijibu, "Kwanza wajue kuanguka bila kuumia. Wewe kaa hapo kwenye benchi utazame." Sikukaa. Nilicheka moyoni, nikaondoka.

Wa pili walimwita Mwalimu Chuma. Huyo alikuwa na ukumbi wa kupanga, suti nyeupe iliyopigwa pasi, na kila siku ya soko alisimama mbele ya watu akivunja tofali kwa kichwa. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini masikio yangu ya ujana yalisikia muziki. Nilimpeleka Asha kwake wiki ileile. Sikumuuliza yeye mwenyewe alifundishwa na nani. Sikumuuliza mzazi hata mmoja. Alinipa karatasi iliyosema namkabidhi mtoto chini ya nidhamu yake yote, nikatia saini nimesimama, bila kumaliza kuisoma. Kisha akaniambia, "Mzazi akiangalia, mtoto anadeka. Mlango wangu unafungwa." Nikaona hapa sasa ndipo penye nidhamu. Rehema, nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili nikamshukuru.

Mwezi wa pili Asha aliacha kuimba. Alianza kuvaa sweta hata jua likiwa kali. Nikajiambia anakua, wasichana wakikua hutulia. Mtu hujidanganya kirahisi sana anapotaka kuamini kwamba amechagua vizuri. Siku moja aliniambia, akitazama miguu yake, "Kaka, sitaki kwenda tena."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwalimu mkali. Nikamwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nauma meno: "Uoga nao ni ugonjwa. Utakwenda mpaka upone."

Basi Jumamosi ile nilimfikisha mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe. Mlango ukafungwa. Nilikwenda zangu kunyoa nywele. Niliporudi nilimkuta amekaa nje kwenye ngazi, peke yake, ameshika mkono wa kushoto kwa wa kulia, uso umekuwa wa majivu. Ndani mazoezi yanaendelea, nasikia watoto wanahesabu kwa sauti moja. Mwalimu alikuwa amempambanisha na kijana wa miaka kumi na saba, wenzake wajifunze. Yule kijana akamtupa kwenye sakafu ya saruji na kiwiko kikavunjika. Asha alipolia, mwalimu alimwamuru ainuke, ainame kwa heshima, amshukuru aliyemwangusha. Akainama, Rehema, na mkono unaning'inia. Ndipo akatolewa nje asiwaharibie wengine.

Hospitali daktari alimvua lile sweta. Mabega yote yalikuwa na alama za fimbo, nyingine mbichi, nyingine za zamani zilizokwisha geuka manjano. Daktari alinitazama, na mimi nikatazama ukuta.

Habari ilifika Mtinko, na Bibi Mwajuma, shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akaja mjini. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu mzima aliniacha na shikamoo yangu mdomoni. Alikwenda kwanza kwa Asha, akakaa naye mpaka mtoto akalala, ndipo akaniita uani.

"Mwaka jana," akasema, "ulikwenda mnadani kununua dume. Nilikuwepo. Ulimfunua mdomo ukamhesabu meno. Ulimshika kwato. Ulimtembeza, ukauliza ametoka zizi gani na kwa nini mwenyewe anamuuza. Ulifanya hivyo au hukufanya?"

"Nilifanya, shangazi."

"Kwa ajili ya ng'ombe. Mtoto wa kaka yangu ukampa mtu kwa sababu amevunja tofali. Tofali lilimkosea nini? Na mtoto alipokwambia hataki, ukamwona mgonjwa."

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, lakini mimi hata kuchungulia dirishani sikuchungulia.

Nilikwenda ukumbini nikiwa nimekunja ngumi. Mwalimu Chuma hakutetereka. "Kijana," akaniambia, "nimemtengenezea dada yako roho ngumu, wewe unaniletea machozi." Nikamuuliza nani alimfundisha yeye. Akasema alijifunza milimani. Mlima gani, na mwalimu gani, hakusema. Nilipokwenda kushitaki, aliitoa ile karatasi yenye saini yangu, na mambo yakafia hapo. Lakini unajua kilichoniumiza kuliko yote? Mzazi mwenzangu, mwanaume mzima, alinivuta pembeni akaniomba niache kelele, maana mwanawe alikuwa anakaribia kupata mkanda. Alama za fimbo alikuwa amekwisha kuziona mwilini mwa mwanawe. Aliziona, akanyamaza. Hasira yangu kwa mtu yule haijapoa, na siombi ipoe.

Jumamosi iliyofuata Bibi Mwajuma alichukua kigoda, akaenda nacho ukumbini, akakiweka katikati ya mlango, akakalia. Mwalimu akamwambia wazazi hawaruhusiwi. Akamjibu, "Mimi si mzazi, mimi ni bibi. Fundisha." Mlango ukashindwa kufungwa. Mwalimu alizunguka na fimbo yake asiweze kuinyanyua. Akina mama waliokuwa wakipita barabarani walisimama kutazama, na mmoja wao akamwona mwanawe akijikunja kila mwalimu alipomkaribia. Yule mama aliingia ndani na viatu vyake, akamtoa mtoto. Kisha akaingia mwingine. Baada ya Jumamosi tatu Mwalimu Chuma alihama na suti yake, na sikujua alikoelekea. Hilo nalo linanikera, kwa sababu alikokwenda kulikuwa na watoto.

Nilidhani mambo ya mapigano yamekwisha nyumbani kwetu. Lakini mkono ulipopona, Asha mwenyewe aliniambia, "Kaka, nipeleke kwa yule wa kuanguka." Nikashangaa amejuaje. Kumbe watoto wa shule nzima walimjua Mzee Yona. Sisi wakubwa ndio hatukuwauliza. Tulikwenda watatu, mimi, Asha na Bibi Mwajuma, na safari hii nilikaa kwenye benchi tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee Yona hakunisemesha mimi. Alichuchumaa mbele ya Asha akamuuliza, "Hutaki nikufanyie nini?" Asha akamwambia asishikwe mkono huu bila kuambiwa. Mzee akaitikia kwa kichwa, na miaka sita aliyomfundisha hakuwahi kusahau. Alipotutajia mwalimu wake, alitaja jina na mji, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa mjini, unawauliza wanakueleza. Shangazi yako alimaliza kwake akiwa msichana anayetembea kifua mbele. Ila ule mkono haukunyooka tena. Umeuona mara ngapi akikupakulia ugali, ukadhani amezaliwa nao.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi. Watoto wajifunze, tena msichana kuliko mvulana. Lakini Jumamosi hii usiwatume na bodaboda. Nenda nao wewe mwenyewe, uingie, ukae. Tazama mdogo kuliko wote anavyotendewa, na yule asiyejua, na yule anayelia, maana hodari hupendwa kila mahali. Tazama wanaangukia nini. Muulize mwalimu amefunzwa na nani, kisha ukaulize huko alikokutajia. Kuuliza si ujinga, na mwalimu wa kweli hakasiriki akiulizwa. Karatasi soma mpaka mwisho. Mkirudi nyumbani usiwaulize wamejifunza pigo gani, waulize leo nani aliumia na mwalimu alifanya nini. Na mtoto akikwambia hataki, nyamaza umsikilize kabla hujafungua mdomo wako. Mimi niliufungua, na majuto ni mjukuu.

Na kama mlango bado unafungwa, washike watoto mkono mrudi nyumbani. Usibishane naye, usimwombe radhi. Halafu wapigie wazazi wengine, mmoja mmoja, uwaambie ulichokiona. Wakikuona mchonganishi, wakuone.

Mungu akupe macho ya kuona mapema, Rehema, na moyo usioona haya kuuliza. Awalinde wanao mifupa yao na nyimbo zao, wakue wakijua kwamba kwenu yupo mtu wa kumwambia. Mikono yao isimwonee mtu, wala asiwepo wa kuwaonea. Amina.