Kibuyu Kilichooshwa kwa Jik

Waiyego wa Munyaka, mtaa wa Eldoret, hajawahi kulala na chombo kichafu ndani ya nyumba, na ukitaka kumuudhi, acha sufuria ya ugali ikauke bila kulowekwa. Ana miaka hamsini na tisa, kiduka cha nafaka, magoti yanayolalamika msimu wa mvua, na mikono isiyojua kutulia. Wahenga walisema wema hauozi. Hawakusema hauwezi kuharibu kibuyu cha mtu.

Kazi ya kujitolea aliianza kwa sababu alikuwa na shukrani na hakujua aipeleke wapi. Mumewe, Wanjohi, alipougua, mwanamke mmoja wa kikundi cha kanisa alikuwa akija kila Jumatano kumgeuza, kumwosha na kumkata kucha. Hata kikombe cha chai alikikataa. Baada ya mazishi Waiyego alimtafuta amwambie asante, akaambiwa amehamia Kitale. Basi akaenda kwa sista Nanzala, muuguzi anayekiongoza kikundi hicho, akaandikisha jina lake. Alifundishwa kwa siku tano namna ya kumlaza mgonjwa asichubuke, namna ya kupima dawa ya maumivu, na zaidi ya yote, usafi. "Sabuni, maji moto, na jik kidogo," sista alisema, akimaanisha ile dawa kali ya kung'arisha na kuua viini, mpaka wanafunzi wengine wakachoka. Waiyego hakuchoka. Alisikia kama anasifiwa.

Mgonjwa wake wa saba alikuwa Jemutai, mama wa miaka sabini na sita kutoka Moiben. Mwanawe Felix, mwalimu, alimleta nyumbani kwake Munyaka ili awe karibu na hospitali. Saratani ilikuwa imeziba koo. Alilishwa uji mwepesi kwa mrija uliotiwa tumboni, na tangu Pasaka hakuna chakula kilichokuwa kimegusa ulimi wake. Nyumba nzima ilimwita Kogo, kama Wakalenjin wanavyomwita nyanya, na Waiyego naye akamwita hivyo; wao walimwita Mama Ciru, kwa jina la mtoto wake. Kutoka Moiben alikuja na Biblia, shuka la sufi, na kibuyu kirefu chenye kifuniko cha ngozi na shanga chache zilizobaki. Kibuyu kilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Jerop, mjukuu aliyelelewa na Kogo tangu akiwa mtoto mchanga, alikuwa anachumbiwa. Jumamosi ya wiki iliyofuata jamaa za kijana wangekuja kwa koito, siku ya posa, na Kogo alikuwa na ombi moja tu lililobaki duniani: wageni hao wanywe mursik, yale maziwa ya kulazwa mpaka yagande, kutoka katika kibuyu chake mwenyewe. Sista Nanzala alikuwa amemwita Felix kando akamwambia kwamba sasa zinahesabiwa siku, si miezi. Kogo hakuhitaji kuambiwa.

"Nangojea ya Jerop," alimwambia Waiyego kwa ile sauti ya pumzi iliyokuwa imembakia. "Ikiisha, Mungu aseme vile anataka."

Jumanne, Kogo akiwa amelala baada ya dawa, Waiyego alikishusha kibuyu akachungulia ndani. Kilikuwa cheusi ti, kinanuka moshi. Mursik alikuwa amekunywa kwenye harusi nyingi, maana nani ameishi Eldoret miaka thelathini asiinywe? Lakini hakuwahi kuona inavyotengenezwa. Moyo wake ukamhurumia mgonjwa: wageni wanakuja, na mwenye kibuyu hana nguvu ya kukiosha. Akachemsha maji, akatia sabuni, akafunga waya wa kusugulia kwenye kijiti. Beseni tatu za maji meusi zilimwagwa. Mwisho akasuuza kwa jik, akakianika juani, huku akiimba wimbo wa kanisa.

Jerop alirudi kutoka sokoni, akakiona kibuyu juani, akasimama ghafla mlangoni.

"Mama Ciru, hii umeosha na nini?"

"Sabuni. Na jik kidogo, ndio iwe safi kabisa."

Jerop alikaa chini kwenye ngazi, mfuko wa nyanya ukiwa bado mkononi. Akamweleza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Waiyego zaidi. Ndani ya kibuyu hamtiwi sabuni. Ule weusi ni makaa ya mti maalumu, yanayosagwa kwenye kuta za kibuyu kila mara kabla ya kutia maziwa, na ndiyo yanayoyapa maziwa ladha. Kibuyu hicho Kogo alipewa siku alipoolewa. Weusi ule ulikuwa wa miaka hamsini na miwili.

Mgonjwa alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kutamani, na Waiyego alikuwa amekimwaga uani kwa beseni. Angeweza kuchukua mkoba wake aende nyumbani, na hakuna ambaye angemfuata. Alikichukua kibuyu, akaingia nacho chumbani, akapiga magoti yake mabovu kando ya kitanda.

Kogo alikipokea kwa mikono miwili, akakileta puani. Halafu mabega yakaanza kutikisika, na Waiyego akaficha uso kwa sababu hakuweza kutazama kilio hicho. Alipoinua macho aliona kwamba Kogo anacheka. Alicheka bila sauti, mkono mmoja ukishikilia mrija usichomoke.

"Umekibatiza," akanong'ona. "Mama Ciru, umebatiza kibuyu yangu."

"Nisamehe, Kogo. Haki ya Mungu sikujua."

"Wewe unaniosha kila siku, na mimi nasikia raha. Ukafikiria kibuyu nayo itasikia raha." Akapumzika kidogo. "Tunaanza upya. Niletee senetwet."

Senetwet ni kichaka chenye maua ya manjano, ndicho kinachotoa makaa yale, na Munyaka siku hizi kila futi imeota mabati. Jerop alikumbuka kukiona mtaa wa Elgon View, kwenye ua wa nyumba moja kubwa. Kesho yake Waiyego alikwenda akagonga geti. Mtunza bustani, Wepukhulu, alimwambia hayo ni maua ya bosi, hayakatwi. Waiyego akamsimulia kisa chote, pamoja na jik. Wepukhulu akaenda kuleta panga. Alikata matawi matatu, akafikiri, akaongeza la nne.

Waliyakausha juu ya jiko. Kuanzia Alhamisi Waiyego akawa mwanafunzi wa mtu asiyeweza kuketi bila kuegemezwa. Kaa likiwaka kidogo tu, liangushwe ndani. Lisagwe kwa kijiti cha ukindu, kibuyu kikizungushwa, mpaka kuta zishike weusi. Vumbi lipulizwe. Kisha kibuyu kiletwe puani kwa Kogo.

"Bado. Nasikia jik."

Ijumaa: "Bado."

Jumamosi alikinusa kwa muda mrefu mpaka Waiyego akadhani amesinzia. "Sasa kimerudi," akasema. Jioni hiyo Felix alileta maziwa ya ng'ombe wa mama yake kutoka Moiben. Yakachemshwa, yakapoa, na Jumapili asubuhi yakafungiwa ndani ya kibuyu, kibuyu kikawekwa penye baridi chini ya kitanda.

Waiyego alistaajabu hata akaogopa kidogo. Alikuwa ameuguza watu sita kabla ya huyu, na aliona jinsi maumivu yanavyompunguza mtu mpaka ulimwengu wake unakuwa mto na dawa tu. Hakuwalaumu. Lakini huyu asiyeweza kumeza hata mate alikuwa anawaandalia wengine kinywaji, na hakuna siku alimsikia akisema kwamba yeye mwenyewe hatakionja.

Jumatano Kogo hakuamka. Sista Nanzala alikuja, akampima, akatikisa kichwa kidogo. Waiyego alifunga duka akakaa naye siku mbili, akimlowesha midomo kwa pamba. Hakujua sala gani inafaa, kwa hiyo alimwambia tu, tena na tena, "Kogo, maziwa yanakungoja." Ijumaa jioni Kogo alifungua macho akauliza ni siku gani.

Jumamosi hema la wageni uani lilikuwa limejaa. Wazee wa upande wa kijana walikuwa wameketi, na Felix alikuja chumbani kuchukua kibuyu. Kogo akainua kidole.

"Haiendi kwa watu kabla nionje," akanong'ona. "Mama Ciru, wewe ndio mdomo yangu."

Waiyego alitikisa kibuyu, akakifungua, akamimina kidogo kwenye kikombe. Kama harufu ya jik ilikuwa imejificha humo, aibu ingekuwa ya Kogo mbele ya wakwe, na hakungekuwa na siku nyingine ya kuifuta. Akanywa.

"Iko jik?"

"Hapana, Kogo. Haiko."

"Niambie basi."

Waiyego alifumba macho. Hakuwa mtu wa maneno mazuri, alikuwa mtu wa mabeseni. "Inaanza na moshi," akasema. "Kama jikoni asubuhi, kabla mtu yeyote hajaamka. Halafu inauma kidogo kando ya ulimi. Ni nzito, inashuka pole pole. Ni baridi. Halafu ikishapita, Kogo, utamu unarudi nyuma."

Alipofungua macho aliona koo la Kogo likipanda, likashuka. Koo lile lililofungwa tangu Pasaka. Felix aliona pia, akageukia ukutani.

Kogo aliinua mkono wake mwembamba, akajipangusa midomo kwa nyuma ya kiganja.

"Nimeshiba," akasema. "Wapelekee wageni."